Ripoti ya sera za masanduku ya barua pepe

Ripoti ya sera za masanduku ya barua pepe ni orodha inayoonyesha kanuni zinazotawala kila sanduku la barua katika seva ya barua pepe: ukubwa unaoruhusiwa, muda wa kutunza ujumbe, masharti ya simu zinazounganishwa na sanduku, na mambo ambayo mwenye sanduku ameruhusiwa kuyabadilisha mwenyewe. Katika taasisi yenye masanduku mengi, orodha hiyo hutolewa kwa skripti, yaani faili fupi ya maandishi yenye amri ambazo kompyuta huzitekeleza moja baada ya nyingine kwenye mstari wa amri.

Skripti ya ripoti husoma tu. Haibadilishi chochote katika seva. Kuandika amri zake si kazi ngumu. Ugumu uko katika kufasiri majibu, kwa sababu thamani iliyoandikwa kwenye sanduku si lazima iwe ndiyo inayotumika. Sanduku linaloonekana kuwa halina kikomo linaweza kuwa na kikomo cha gigabaiti 2, na sanduku lenye sera ya kufuta barua za zamani linaweza kuwa halifuti hata barua moja.

## Aina za sera

Sera ni kundi la mipangilio lililopewa jina. Msimamizi wa mfumo huitunga mara moja, kisha huihusisha na masanduku mengi. Akiibadilisha sera, masanduku yote yaliyohusishwa nayo hufuata badiliko hilo. Katika Microsoft Exchange Server, ambayo ni kati ya seva za barua pepe zinazotumika sana maofisini, sera na mipangilio inayoripotiwa mara nyingi ni hii:

* Vikomo vya nafasi. Kuna ngazi tatu. Katika ngazi ya kwanza mwenye sanduku hupata onyo. Katika ya pili hawezi kutuma barua. Katika ya tatu hawezi kutuma wala kupokea, na watu wanaomwandikia hurudishiwa taarifa kwamba barua haikufika.
* Sera ya utunzaji. Hueleza barua ikae muda gani na baada ya hapo ifanywe nini: ihamishiwe kwenye kumbukumbu, ifutwe kwa namna inayoruhusu kurejeshwa, au ifutwe kabisa.
* Sera ya vifaa vya mkononi. Huamua kama simu inayopokea barua za kazini lazima iwe na nywila, data yake isimbwe kwa siri, na ijifunge yenyewe isipotumika kwa muda fulani.
* Sera ya matumizi ya kivinjari. Huamua ni sehemu zipi za huduma zitaonekana kwa mtu anayesoma barua zake kupitia tovuti.
* Sera ya kitabu cha anwani. Huamua mtumiaji aone anwani za nani. Hutumika hasa pale seva moja inapohudumia vikundi ambavyo havipaswi kuonana.
* Sera ya kushirikisha. Huamua kalenda na anwani zinaweza kuonyeshwa kwa watu wa nje kwa kiasi gani.

## Sababu za kutoa ripoti

Sababu ya kwanza ni ya kazi za kila siku. Sanduku likijaa, barua hukataliwa, na mara nyingi mwenyewe hajui mpaka mtu ampigie simu kumuuliza kwa nini hajibu. Ripoti inayolinganisha ukubwa wa kila sanduku na kikomo chake humwezesha msimamizi kuchukua hatua mapema.

Sababu ya pili ni ya kisheria, nayo ina pande mbili zinazovutana. Upande mmoja, sheria huagiza baadhi ya barua zitunzwe. Nchini Marekani, kanuni ya Tume ya Dhamana na Masoko ya Hisa inayojulikana kama 17a-4 huwataka madalali wa hisa watunze mawasiliano ya biashara yao kwa miaka 3, na katika miaka 2 ya kwanza yawe mahali panapofikika kwa urahisi. Mnamo Desemba 2002 kampuni 5 za udalali zilikubali kulipa jumla ya dola milioni 8.25, bila kukiri wala kukana kosa, kwa sababu ya kutotunza barua pepe kama kanuni ilivyotaka. Baadhi yao zilikuwa zimewaachia wafanyakazi wenyewe kazi ya kuhifadhi nakala kwenye kompyuta zao.

Upande wa pili, sheria za ulinzi wa taarifa binafsi hukataza kukaa na taarifa za watu kwa muda mrefu kuliko unaohitajika. Msimamo huo umo katika kanuni ya jumla ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, katika Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019, na katika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022. Kwa hiyo taasisi inaweza kukosea kwa kufuta mapema au kwa kuchelewa kufuta. Taasisi ikiulizwa barua zake hukaa muda gani, haitoshi kuonyesha maandishi ya sera iliyopitishwa na uongozi. Inabidi ijulikane sera hiyo imewekwa kwenye masanduku yapi na ni yapi yaliyosahauliwa.

## Historia

Katika mifumo ya awali ya Unix barua za kila mtumiaji zilikaa katika faili moja. Msimamizi aliweza kujua nani ametumia nafasi kiasi gani kwa kupima ukubwa wa faili hizo kwa amri za kawaida, na kuziunganisha amri hizo katika skripti. Programu ya kutekeleza amri ya Stephen Bourne, iliyotoka na toleo la 7 la Unix mwaka 1979, iliifanya kazi ya kuandika skripti kuwa jambo la kawaida. Mnamo Januari 1997 itifaki ya IMAP iliongezewa utaratibu wa kuuliza vikomo vya nafasi kupitia waraka RFC 2087. Waraka huo ulibadilishwa na RFC 9208 mwaka 2022.

Kwa upande wa Microsoft, Exchange Server ilianza kuuzwa mwaka 1996, na kwa miaka kumi hivi ilisimamiwa zaidi kwa madirisha ya kubofya. Aliyetaka ripoti alilazimika kuandika programu ndogo kwa lugha ya VBScript. Hali ilibadilika baada ya PowerShell kutolewa mnamo Novemba 2006. Chimbuko la PowerShell ni waraka alioandika Jeffrey Snover mwaka 2002, akipendekeza mazingira ya amri ambamo amri hupeana vitu vyenye sifa zilizotajwa kwa majina badala ya mistari ya maandishi matupu. Exchange Server 2007 ilijengwa juu ya wazo hilo: ilikuja na Exchange Management Shell, na hata madirisha yake ya kubofya yaliendesha amri hizohizo kwa ndani.

Exchange Server 2010 iliongeza uwezo wa kutoa amri kutoka kompyuta ya mbali, sera za utunzaji za namna inayotumika hadi leo, na mgawanyo wa madaraka ya usimamizi kwa majukumu. Microsoft ilipoanza kutoa huduma ya Office 365 mwaka 2011, wasimamizi waliweza kutumia amri za aina hiyohiyo kwa masanduku yaliyo katika vituo vya data vya kampuni hiyo. Mwaka 2016 PowerShell ilifanywa programu huria na kuanza kutumika pia katika Linux na macOS.

## Jinsi skripti inavyofanya kazi

Amri za PowerShell zina majina ya sehemu mbili zilizounganishwa kwa kistari: kitenzi na nomino. Kitenzi Get husoma, Set hubadilisha, New huunda na Remove huondoa. Msomaji anaweza kutambua hatari ya skripti kwa kutazama vitenzi vyake: skripti ya ripoti huwa na Get, pamoja na amri za kuchagua, kupanga na kuhifadhi majibu.

Amri hizo huunganishwa kwa alama ya mrija (|), inayopeleka matokeo ya amri ya kushoto kwenye amri ya kulia. Ripoti rahisi kabisa inaweza kuandikwa hivi:

    Get-Mailbox -ResultSize Unlimited |
      Select-Object DisplayName, RetentionPolicy, SharingPolicy |
      Export-Csv ripoti.csv -NoTypeInformation -Encoding UTF8

Mstari wa kwanza huleta masanduku yote. Wa pili huchagua sifa tatu za kila sanduku: jina la mwenyewe, sera ya utunzaji na sera ya kushirikisha. Wa tatu huandika majibu katika faili ya CSV, ambayo hufunguka kama jedwali katika programu za lahajedwali. Maneno ya mwisho huhakikisha kwamba majina yenye herufi zisizo za kawaida hayaharibiki.

Maneno -ResultSize Unlimited yana uzito mkubwa. Yasipoandikwa, amri huleta masanduku 1,000 ya kwanza tu. Onyo hutokea kwenye skrini, lakini skripti inayoendeshwa usiku kwa ratiba haina mtu wa kulisoma. Taasisi yenye masanduku 1,400 ingepata jedwali safi lisilo na dalili yoyote kwamba watu 400 hawamo.

Mara nyingi muhtasari hufaa kuliko orodha ndefu. Amri ifuatayo huhesabu ni masanduku mangapi yako chini ya kila sera ya utunzaji:

    Get-Mailbox -ResultSize Unlimited |
      Group-Object RetentionPolicy |
      Select-Object Name, Count

Katika majibu yake, mstari usio na jina la sera ndio wa kutazamwa kwanza, kwa kuwa huonyesha idadi ya masanduku ambayo hayana sera yoyote ya utunzaji.

Sifa zote hazipatikani kwa amri moja. Sera ya vifaa vya mkononi na sera ya matumizi ya kivinjari husomwa kwa amri Get-CASMailbox, na ukubwa halisi wa sanduku husomwa kwa Get-MailboxStatistics. Skripti kamili huuliza amri hizo zote kwa kila sanduku, kisha huunganisha majibu katika mstari mmoja wa jedwali.

## Thamani iliyoandikwa na thamani inayotumika

Seva za barua pepe hutumia utaratibu wa kurithi: sanduku lisilo na mpangilio wake huchukua mpangilio wa ngazi ya juu yake. Utaratibu huo hupunguza kazi ya msimamizi, lakini huleta makosa katika ripoti, kwa sababu skripti iliyoandikwa kwa haraka husoma ngazi ya sanduku peke yake.

Mfano ulio wazi ni wa vikomo vya nafasi katika Exchange Server. Kila sanduku lina sifa iitwayo UseDatabaseQuotaDefaults. Ikiwa jibu lake ni ndiyo, sanduku hufuata vikomo vya hifadhidata lilimo, hata kama sifa zake lenyewe zinasomeka "Unlimited". Hifadhidata mpya huja na onyo kwenye gigabaiti 1.9, katazo la kutuma kwenye gigabaiti 2, na katazo la kutuma na kupokea kwenye gigabaiti 2.3. Ripoti inayosoma sanduku tu itasema hakuna kikomo, ilhali mwenye sanduku yuko karibu kuzuiwa. Skripti sahihi huuliza kwanza kikomo kinatoka wapi:

    $ripoti = foreach ($s in Get-Mailbox -ResultSize Unlimited) {
      if ($s.UseDatabaseQuotaDefaults) {
        $kikomo = (Get-MailboxDatabase $s.Database).ProhibitSendQuota
        $chanzo = "hifadhidata"
      } else {
        $kikomo = $s.ProhibitSendQuota
        $chanzo = "sanduku"
      }
      [pscustomobject]@{
        Jina   = $s.DisplayName
        Kikomo = $kikomo
        Chanzo = $chanzo
      }
    }
    $ripoti | Export-Csv vikomo.csv -NoTypeInformation -Encoding UTF8

Safu ya Chanzo haina kazi kwa kompyuta, lakini humsaidia sana msomaji: humwambia ni wapi pa kwenda endapo kikomo kinahitaji kubadilishwa.

Kuna hali nyingine ambazo jedwali laweza kupotosha:

* Nafasi tupu. Katika safu ya sera ya utunzaji, nafasi tupu humaanisha hakuna sera. Lakini katika huduma ya mtandaoni, amri mpya ya Get-EXOMailbox huleta sifa chache tu mpaka iombwe zaidi. Sifa ambayo haikuombwa huonekana tupu kama ile isiyo na thamani. Ndiyo maana amri hiyo huandikwa pamoja na kigezo -PropertySets au -Properties.
* Sera iliyosimamishwa. Sanduku linaweza kuwa na sera ya utunzaji huku sifa yake ya RetentionHoldEnabled ikiwa imewashwa. Katika hali hiyo sera haitekelezwi. Mara nyingi huwashwa mtu anapokuwa likizo ndefu, na kisha husahauliwa. Vilevile LitigationHoldEnabled huzuia barua zisipotee kabisa kwa sababu ya kesi. Ripoti ya utunzaji isiyo na safu hizi mbili haijakamilika.
* Sera isiyofika bado. Kuihusisha sera na sanduku hakufuti kitu papo hapo. Kazi hufanywa na programu ya ndani ya seva inayopitia masanduku kwa zamu. Hivyo ripoti huonyesha kilichoagizwa, si lazima kiwe kilichokwisha kufanyika.
* Namba zilizogeuka maandishi. Amri zinapotolewa kwa mbali, ukubwa hurudi kama maandishi. Jedwali likipangwa kwa maandishi, gigabaiti 10 hutangulia gigabaiti 2, kwa kuwa tarakimu 1 hutangulia 2. Namba ya baiti lazima ichopolewe kwanza ndipo ipangwe.

## Seva nyingine

Tatizo la kurithi halihusu Exchange pekee. Katika Zimbra mipangilio mingi hukaa katika madaraja ya huduma, na akaunti hurithi kutoka daraja lake. Amri ya zmprov husoma mipangilio hiyo, na skripti fupi ya Linux huweza kupitia akaunti zote:

    for akaunti in $(zmprov -l gaa); do
      zmprov ga "$akaunti" zimbraMailQuota
    done

Kwa kawaida ga huonyesha pia thamani zilizorithiwa. Ikiongezwa -e huonyesha zile tu zilizoandikwa kwenye akaunti yenyewe. Kuendesha skripti mara mbili, kwa namna zote mbili, huonyesha ni akaunti zipi zimepewa mpangilio wa pekee. Thamani 0 katika kikomo cha Zimbra humaanisha hakuna kikomo, wala si nafasi sifuri. Msomaji asiyejua hilo anaweza kudhani akaunti imefungwa.

Katika Dovecot, amri `doveadm quota get -A` huorodhesha watumiaji wote, nafasi waliyotumia na kikomo chao, na nafasi huandikwa kwa kilobaiti. Katika Postfix, amri `postconf mailbox_size_limit` huonyesha kikomo cha faili ya sanduku katika seva. Seva isiyobadilishwa hujibu 51200000, yaani baiti milioni 51.2. Hapa pia 0 humaanisha hakuna kikomo.

## Usalama

Ripoti hukusanya mahali pamoja majina ya watumishi wote na udhaifu wa mipangilio yao, kwa mfano simu zipi haziwekewi sharti la nywila. Faili yake basi ni ya siri, na haifai kutumwa ovyo wala kuachwa kwenye folda inayofunguliwa na kila mtu. Jambo hilo lina uzito zaidi pale ripoti inapohifadhiwa kila mwezi kwa ajili ya ukaguzi.

Akaunti inayoendesha skripti hupewa ruhusa ya kusoma tu. Exchange ina kundi la majukumu liitwalo View-Only Organization Management kwa kazi ya namna hiyo. Akaunti hiyo ikiibiwa, mwizi ataweza kuona mipangilio lakini hataweza kuibadilisha. Nywila haiandikwi ndani ya skripti, kwa sababu kila anayeisoma skripti ataiona. Kwa skripti zinazojiendesha kwa ratiba hutumika cheti cha kidijitali.

Ni vema skripti ya ripoti itenganishwe na skripti ya marekebisho. Msimamizi husoma ripoti, huamua, kisha huendesha amri za Set peke yake, akianza na kigezo -WhatIf kinachoonyesha kitakachotokea bila kukitenda.

## Uhakiki wa ripoti

Kama vile mwalimu asivyotegemea rejista bila kuhesabu wanafunzi walio darasani, ripoti haiaminiki kabla ya kulinganishwa na hali halisi. Hatua zinazotumika ni chache:

# Idadi ya mistari ya jedwali hulinganishwa na idadi ya masanduku iliyopatikana kwa njia nyingine, kwa mfano orodha ya watumishi wanaolipwa mshahara.
# Masanduku machache huchaguliwa bila mpangilio na mipangilio yake kutazamwa moja kwa moja katika seva, pamoja na ile ya ngazi ya juu.
# Masanduku yasiyo ya mtu mmoja, kama ya idara, vyumba vya mikutano na watumishi walioondoka, hukaguliwa peke yake, kwa kuwa ndiyo husahauliwa sera inapowekwa.
# Tarehe, jina la seva na toleo la skripti huandikwa katika faili au jina lake, ili ripoti za miezi tofauti ziweze kulinganishwa.

Tofauti kati ya ripoti mbili zinazofuatana mara nyingi hufundisha zaidi kuliko ripoti yenyewe. Sanduku lililokuwa na sera mwezi uliopita na sasa halina, limebadilishwa na mtu fulani kwa sababu fulani, na sababu hiyo yapasa kujulikana kabla barua hazijafutwa au hazijarundikana.

## Tazama pia

* Barua pepe
* Seva
* Microsoft Exchange Server
* PowerShell
* Linux
* Faragha